Mlima Ukae Juu

Jumatatu, 5 Mei

Kazi ya Mwalimu Suastama imempata mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Tangu Januari kila mtaa wa kijiji unapeleka plastiki kwenye mizani ya shule. Sasa inatakiwa ramani ya kompyuta, yenye nguzo za rangi zinazopanda zenyewe juu ya kila mtaa, mwezi kwa mwezi. Jumamosi tutaionyesha barazani mbele ya wazee. Mshindi ataipeleka yake kwenye maonyesho ya mjini Singaraja. Tunaoshindana tuko wawili tu, kila mmoja na ramani yake: mimi wa Kajanan, mtaa wa mlimani, na Riasmin wa Kelodan, mtaa wa pwani. Kajanan inaongoza kwa plastiki. Sijisifu. Nataja takwimu.

Jumatano, 7 Mei

Ramani imekamilika. Nguzo ya Kajanan inapanda kama mnara wa mazishi ya mfalme. Ya Kelodan ni kisiki. Nilimwonyesha Bibi. Hakutazama nguzo hata moja. Aliuliza nani kaweka bahari kichwani na mlima wa miungu miguuni. Nikaeleza kwamba ramani huweka kaskazini juu, na upande wetu huu wa kisiwa bahari iko kaskazini. Akauliza kama mimi hulala miguu nimeuelekezea mlima. Hapana, Bibi.

"Basi kijiji umekilazaje, mjukuu wangu? Na hekalu umelitia chini, tulikanyage?"

 Hapo nikapata wazo. Wazee wa barazani wote wana fikra za Bibi. Riasmin ataweka bahari juu, kama kitabuni. Atajimaliza mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeigeuza picha ya ramani, juu ikawa chini, nikaandika upya majina ya mitaa. Mlima juu, hekalu juu, adabu kila mahali. Riasmin alipita nyuma yangu darasani, akauliza kama nimezigeuza na nguzo. Nikamwambia nguzo zikigeuzwa zitaning'inia kama popo.

"Haya, mwenzangu," akasema. "Lakini ijaribu kabla ya kesho."

Wivu una sauti ya upole sana. Sikujaribu.

Jumamosi, 10 Mei

Riasmin alitangulia. Bahari juu. Wazee wakapinda shingo kama kuku wanaotazama mwewe. Mzee Mastra, mkuu wa mila, aliuliza kama kijiji kimepinduliwa na tetemeko. Nilitazama sakafu ili nisicheke.

Zamu yangu. Mlima ulipotokea juu, baraza zima lilishusha pumzi. Mzee Mastra akasema huyu kalelewa. Bibi akaketi wima. Nikabonyeza.

Nguzo zikapanda. Ile ndefu, ya kwetu, ikapanda juu ya jina la Kelodan. Kwetu Kajanan kukaota kisiki.

Watu wa Kelodan wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Enyi watu wa mlimani, plastiki zenu mnazila?" Baba, aliyebeba magunia kwa pikipiki miezi yote hii, alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

Mwalimu alieleza taratibu, taratibu mno: picha niliigeuza, nguzo zikabaki palepale nilipozifunga. Mtaa wa Kati tu ndio uliosalimika, kwa kuwa uko katikati.

Akatangaza kwamba Singaraja ataenda Riasmin. Mzee Mastra akakataa kijiji kwenda kichwa chini mbele ya wageni. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Basi tunakwenda wote wawili: hesabu zake, mlima wangu. Bila mimi asingekwenda.

Jumapili, 11 Mei

Riasmin alikuja kwetu asubuhi, akageuza picha na nguzo kwa pamoja. Kila kitu kimekaa mahali pake. Bibi amempa keki ya wali, mimi nikapewa kazi ya kuosha sahani.

Lakini hii ni ndogo kwa Singaraja. Watakuwapo wageni wa kusini mwa kisiwa, na mlima wao uko kaskazini. Nao wanataka mlima juu. Kwa hiyo nimeamua tuonyeshe kisiwa kizima kikizunguka polepole, kila mtu apate zamu yake ya heshima. Hakuna mwingine aliyewahi kufikiria hivyo, nina hakika. Riasmin ameuliza kama nguzo nazo zitazunguka. Nimemwambia zitafuata tu. Akaniomba tuijaribu kwanza, hata mara moja.

Maskini. Ana akili, ila hajiamini.