Sahani Saba na Mtu wa Tano

Jumamosi, tarehe 20 Desemba

Kuna njama katika nyumba hii.

Leo wakati wa chai mke wangu ametangaza kwamba Krismasi itakuwa ya kimya. Sisi wanne tu: yeye, mimi, Binti mwenye miaka sita, na Kitindamimba mwenye miaka mitatu. Hakuna kualika wala kualikwa. Amesema hivyo huku akitabasamu! Mke wangu ni muuguzi. Miaka mitatu mfululizo hajapata mapumziko siku ya Krismasi, na kwa kawaida hatabasamu kabla ya kikombe cha pili. Nimemwahidi mbele ya watoto kwamba siku hiyo hatasikia hata mlango ukibamizwa.

Halafu nikaanza kufikiri. "Sisi wanne tu" ameitaja mara tatu. Kwa nini mtu asisitize wanne kama hakuna wa tano?

Mimi ni mtunza stoo. Miaka kumi na moja nalinda misumari, vitasa na makopo ya rangi. Anayekana kabla hajaulizwa namjua vizuri sana.

Jumapili, tarehe 21 Desemba

Ushahidi unamiminika!

Nimekagua jikoni wenzangu wakiwa uani. Sahani zetu za kila siku ni nne. Leo kabatini nimekuta saba! Zilizoongezeka ni zile tatu za maua, zisizoguswa mpaka aje mgeni. Tena godoro la wageni limeanikwa juani. Nimemuuliza mke wangu, akasema lilikuwa na unyevu. Jibu fupi mno.

Kisha mlango wa friji. Binti amebandika picha aliyochora mwenyewe: Krismasi nyumbani kwetu. Watu watano! Nimehesabu mara mbili. Wanne wamesimama, wa tano amelala chali, mdomo wazi, mkubwa kuliko wote. Nani ninayemjua mimi anayekuja kwa watu, anakula, kisha anajinyoosha na kukoroma?

Kaka yangu. Hakuna mwingine.

Nimemuuliza Binti huyo aliyelala ni nani. Siri, amesema. Nikampa biskuti. Akala, akasema bado ni siri. Kitindamimba akadai naye anajua, akala tatu, hakujua chochote. Pakiti imekwisha na sina hata jina moja.

Jumatatu, tarehe 22 Desemba

Mke wangu amepiga simu kutoka bafuni, bomba likiwa wazi. Nikapiga magoti mlangoni, nikatega sikio. Nimesikia mwenyewe: usimwambie mtu, na mume wangu ndiyo kabisa asijue.

Hapo Kitindamimba akanirukia mgongoni, akapiga kelele kwamba mimi ni farasi. Mlango ukafunguliwa. Nikasema natafuta kifungo cha shati. Mke wangu amelitazama shati langu, ambalo ni fulana, akapita.

Basi. Wananizunguka. Nimeamua kutumia mbinu ya stoo. Boksi likipotea hatuulizi nani amechukua. Unamwendea mshukiwa, unamkazia macho, unasema: najua yote. Unataja siku, saa na mahali, kisha unanyamaza. Mwenye hatia hulainika mwenyewe. Mwaka jana dereva wa lori alikiri vitu viwili ambavyo hata sikujua vimepotea.

Jumanne, tarehe 23 Desemba

Ushindi!

Baada ya kazi nimekwenda kwa Kaka. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na bado anasalimia watu kama wako mstarini. Nikamkazia macho. Nikasema: najua yote, Kaka. Krismasi, saa sita mchana, nyumbani kwangu. Nikanyamaza.

 Kaka akashusha pumzi, akasema amefurahi sana, maana tangu tulipogombania ngazi aliyoniazima alidhani nimemsusa. Atakuja, tena na shemeji. Amekiri! Hata mshirika wake amemtaja bila kubanwa.

Nikampigia mama mkwe simu. Maneno yale yale.  Halafu akalia. Akasema binti yake alimwomba mwaka huu wampumzishe, akakubali kukaa peke yake, lakini kama mimi mwanawe nimesema hivyo, basi atafika mapema asaidie jikoni. Kisingizio kizuri, lakini amekiri kwa machozi.

Sasa hesabu. Kaka, shemeji, mama mkwe. Watatu. Sisi wanne. Sahani saba! Katika miaka yote ya stoo sijawahi kuona hesabu ikikaa sawa namna hii.

Jumatano, tarehe 24 Desemba

Nimekaa kimya. Nataka niwafumanie wote pamoja.

Mke wangu ameleta kuku mmoja, mdogo. Danganya toto hiyo. Ametoka zamu, amekaa kwenye kiti, usingizi ukamchukua na kiatu kimoja bado mguuni. Binti akamfunika kwa kitambaa cha meza na kuniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Kwa dakika nzima niliwaza labda hana kosa.

Kisha nikazikumbuka sahani.

Alhamisi, tarehe 25 Desemba

Asubuhi mke wangu ametandika lile godoro sebuleni. Amelala katikati, watoto huku na huku, anawasomea hadithi ya sungura. Simu amezima. Wakaniita nije nilale nao. Nikasema niko sawa hapa dirishani.

Saa tano na nusu, hodi! Mama mkwe na mafurushi. Saa sita kamili, Kaka, shemeji, na kile kipaza sauti alichozawadiwa Kaka alipostaafu. Nikaruka katikati ya sebule nikasema haya sasa, semeni!

 Mke wangu aliinuka kutoka godoroni, akauliza taratibu nani amewaalika. Wote watatu wakaninyooshea kidole. Hata mama mkwe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alieleza tu. Godoro lilikuwa la kulalia siku nzima, sisi wanne. Sahani za maua zilishushwa ili zitoshe kutwa, siku hiyo asioshe hata moja. Simu ya bafuni alimpigia mwenzake wa kazini aliyekubali kubadilishana zamu. Nilifichwa kwa sababu mwaka jana nilikwenda kumhoji muuguzi mkuu, na ruhusa ikafutwa.

Nikauliza, basi yule wa tano? Binti akaileta picha. Huyu aliyesimama na gauni jeupe ni Mama wa kazini. Huyu aliyelala ni Mama wa Krismasi. Ilikuwa siri, ni zawadi yake.

 Nilitaka kuomba radhi, lakini Kaka alikuwa amewasha kipaza sauti na kuanza hotuba.

Kuku mmoja, watu saba. Nimepata shingo. Mke wangu alikula amesimama, akaosha sahani zote saba, na saa tisa akatoka chumbani amevaa sare. Wodini kuna upungufu wa watu, alisema, halafu kuna utulivu. Kitindamimba alilia dirishani. Kaka alijinyoosha kwenye godoro akakoroma.

Nimeona aibu. Naliandika neno hili kwa mkono wangu: aibu.

Ijumaa, tarehe 26 Desemba

Mke wangu amerudi. Hajanuna. Amechemsha chai, anaimba wimbo bila maneno. Amesema yamepita, na Mwaka Mpya tutakaa nyumbani kimya. Sisi wanne tu.

Nikaitikia kwa moyo wote. Nimejifunza.

Kisha nikafungua friji kutafuta maziwa. Kuna picha mpya! Watatu wamelala godoroni. Nje, mlangoni, amesimama mwanamume mwenye macho makubwa. Nimemuuliza Binti. Amesema huyo ni mlinzi, kazi yake ni kuzuia watu wasiingie.

Mlinzi gani? Hatuna mlinzi. Na kama wanaolala ni watatu, mimi nimepelekwa wapi? Tena sahani za maua bado ziko kabati la chini.

Hanichezei mtu shere mara mbili. Kesho asubuhi naanza na Kaka. Nitamkazia macho na kumwambia: najua yote. Mwaka Mpya, saa sita mchana, nyumbani kwangu.