Moteri Iliyoapishwa Kwenda Mbele Tu

Jumamosi hiyo, hapa kibandani kwa Maman Zulaikha juu ya gati la Kamembe, chai ilikuwa bado haijachemka habari ikafika: moteri mpya ya boti ya Amirali imegoma. Si habari ya kupuuzwa. Amirali, yaani Ghislain, alitakiwa afike kisiwani Nkombo saa sita kumposa Teta, na alikuwa ameshawaahirishia wakwe mara mbili: mara kwa upepo, mara kwa msiba ambao mpaka leo marehemu wake hatumjui. Safari hii baba yake Teta alituma ujumbe mfupi: saa sita, ama basi.

Wajumbe wa posa tulikuwa sisi watatu wa benchi, na makoti yetu mwilini. Papa Volti ndiye msemaji, maana kwa desturi bwana harusi hafungui mdomo kwa wakwe. Alifanya kazi miaka ishirini kiwanda cha simenti Muganza, getini. Umeme anaujua kwa sababu ulimpiga mara mbili. Mwingine ni Gad wa pikipiki, tunayemwita Buji, kwani kwake kila ugonjwa unatokana na buji, yaani plagi, hata malaria.

"Inafanya nini?" Volti akauliza.

"Haifanye kitu," Amirali akasema, jasho linamtoka. "Nafinya buto ya kuwasha, inanyamaza. Hata tak haiseme."

"Ni buji," Buji akasema.

"Buji kazi yake ni kuwasha moto. Ile moteri haiyazunguka hata kidogo. Weye, ukikuta muntu amekufa utamuuliza kama amekula?" Volti akageuka. "Leta batri."

Amirali akaileta kifuani kama mtoto mgonjwa. Buji akaiunga kwenye taa ya pikipiki yake. Jua lilikuwa kali, hatukuona kitu, basi tukaifunika kwa kitenge cha Maman Zulaikha, tukaingiza vichwa vinne chini yake. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Batri iko muzima," Volti akasema akiwa bado chini ya kitenge.

"Na kitenge changu iko mugonjwa," Maman Zulaikha akasema. "Tokeni, bantu banapita banaona miguu tu."

"Vichwa vya kable?" Volti akaendelea.

"Nimesugua na msasa, vinang'aa."

"Fizible, ile fyuzi?"

"Nimeweka mupya."

"Ile kamba nyekundu ya kuzimia?"

"Iko mu nafasi yake, Papa."

Volti akakuna kidevu. "Basi ni jirani."

"Jirani gani?"

"Yeyote. Moteri yenye haina ugonjwa na haiwake, iko na jirani muchawi."

"Ao ni buji," Buji akasema.

Saa nne na nusu. Amirali akakaa juu ya kreti ya fanta ya wakwe, akafunika uso. "Minaogopa," akasema. "Teta akiniacha, miye nitaenda wapi?" Hakuna aliyemtania kwa karibu dakika nzima, jambo ambalo kijiweni kwetu ni rekodi.

Tukashuka wote mpaka kwenye boti, na Maman Zulaikha nyuma yetu na thermosi yake. Yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo wanaume watatu wenye makoti hawakuuliza.

"Hii mukono ya vitesi, ya kuingiza gia, juu ya nini mumeifunga na riboni ya arusi?"

Amirali akaeleza kwa heshima. Jumapili kikundi chake cha maombi kiliiombea moteri ikiwa dukani bado, ndani ya boksi wazi. Waliusukuma mkono mbele, wakaufunga, na yeye akaapa mbele ya watu thelathini kwamba moteri hii haitarudi nyuma kamwe, itaenda mbele tu.

Volti akajipiga paji la uso. "Kumbe! Amirali, hizi za kisasa haziwake kama vitesi imeingia. Iko na kontakt inakata umeme, ili boti isiruke na bantu. Weka mukono katikati."

"Katikati ni nusu ya kurudi nyuma."

"Uliapa kwenda mbele," Maman Zulaikha akasema, anamimina chai. "Sasa uko mbele wapi? Uko Kamembe tangu asubuhi."

Hoja hiyo ilimkata Amirali maini. Volti, ambaye aliwahi kukaa mahakamani kama shahidi, akatoa hukumu: katikati kwa kuhesabu moja, mbili, tatu si kurudi, ni kupumzika. Tukapiga kura. Buji peke yake alipigia buji.

Batri ikarudishwa, kamba ya boti ikafunguliwa ili tusichelewe. Amirali akafungua riboni, akaweka mkono katikati, akafinya. Moteri ikanguruma mara moja. "Moja, mbili," akahesabu kwa sauti, na kwenye tatu, mwaminifu kama alivyo, akasukuma mbele. Boti ikaruka. Sisi tulikuwa bado gatini tumeshika kreti.

"Rudia sisi!" Volti akapiga kelele.

Amirali akatupungia mkono kwa huzuni. Kurudi ndiko hasa alikoapa kutofanya.

Saa sita na dakika tano, tumesharudi kibandani, simu ya Volti ikalia. Tukaweka sauti juu.

"Hapa Nkombo," mzee, baba yake Teta, akasema. "Kijana amefika peke yake, amesimama, haseme kitu. Wasemaji beko wapi?"

Volti akafunga vifungo vya koti, akasimama mbele ya kibanda. "Bazee betu, tumefika kwenu..."

"Hamuyafika."

"Tumefika kwa roho. Mwili ulikataa kuwaka." Akaanza kueleza ugonjwa wa moteri.

Halafu mzee akauliza, "Hiyo moteri ni ya nguvu ya farasi ngapi?"

"Kumi na tano."

"Batri mulipima na nini?" Nyuma yake wazee wengine wakaingilia, kila mmoja na lake, mpaka mmoja akasema wazi kabisa, "Buji je, mulitazama?"

Buji akainua mikono juu. "Hii ndiyo famiya ya kuoa."

Robo saa wakabishana, ziwa lote katikati yao. Mwishowe sauti nyingine ikachukua simu kule. "Papa Volti, ni Teta. Sema ile neno ya kuniomba, inite za simu zinaisha."

"Subiri, binti, kuna pointi moja..."

Maman Zulaikha akamnyang'anya simu. "Tunamuomba Teta."

"Mumepewa," Teta akajibu mwenyewe, akakata.

Volti alibaki amesimama, kidole hewani. Alikuwa bado hajafika kwenye fizible.