Uzinduzi wa Mtaa wa Waunda Meli, Kitendaguro

Mheshimiwa Mwakilishi wa Aliyemwakilisha Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Madiwani mliofika na mlio njiani, Baba Mchungaji, wazee wetu wa Nshamba mliotafuna kahawa tangu asubuhi mkinisubiri, ndugu Nimesh Jamnadas uliyetupatia utepe, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuibua Urithi wa Ukingo wa Mto, nimesimama kuzindua mtaa wa kale wa waunda meli, mradi wa kimkakati, jumuishi na endelevu, ambao upembuzi yakinifu wake nimeufanya kwa macho yangu mwenyewe, na ambao utaongeza watalii kwa asilimia mia nne kutoka sifuri. (Vicheko.) Msicheke, hizo ni data. Ndani ya uzio huu mnaiona meli ya kale niliyoigundua mgombani kwa Ma Benigna, iliyochongwa kwa gogo moja, na sisi wataalamu, yaani mimi na dereva, tumejiridhisha kwamba harufu yake ni ya mabaharia. (Benigna anasimama: "Mheshimiwa, hicho ni chombo changu cha kukanyagia ndizi. Joanitha wangu anaolewa keshokutwa, ndizi zimeiva shimoni, zisipokanyagwa leo hakuna pombe ya lubisi. Uso wangu nitauweka wapi mbele ya wakwe?")

Ma, hoja yako nimeipokea, itaingia kwenye mpango kazi wa robo ya tatu. ("Zitakuwa zimeoza." Kicheko kikubwa.) Jamani, mimi ni Mhaya kama ninyi, lubisi naijua vizuri sana ikiwa kwenye glasi, ila inakotoka sikuwahi kuuliza kwa sababu muda wote nilikuwa masomoni. (Mzee Rugambwa: "Pole, mwanangu.") Asante, mzee.

Basi tuseme kwa pamoja: urithi hoye. (Umati: "Lubisi hoye.") Meli hoye. ("Lubisi hoye.") Naona tumeelewana.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wazee kwa subira, Ma Benigna kwa kutukaripia kistaarabu, na wale vijana walioruka utepe, ambao nawaona wanaelekea mgombani na chombo mabegani. (Vigelegele.) Wapisheni njia, tafadhali, na msiwasukume. Gati, karakana na makumbusho mlivyovisikia redioni nilivisema mimi tu; mradi wenyewe wote ndio ule wanaondoka nao.