Yah: Binti Nisiye Naye

Kwa Meneja,
Kampuni ya Ziara ya Kofia ya Jiwe,
Nevşehir.

Ndugu Meneja,

YAH: KULETEWA BINTI KABLA YA KESHO ADHUHURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na familia yako na madereva wako wote. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe.

Kwa heshima na taadhima, naitwa Tahsin Kepez. Nimestaafu kazi ya kutunza mapango ya kuhifadhia malimau, yale ambayo gari lenu huyapita kila siku bila kuwaonyesha wageni, kana kwamba malimau si kitu. Naishi peke yangu katika nyumba iliyochongwa mwambani, jirani kabisa na lile kanisa la kuchongwa lenye mlango mwembamba, ambalo ni kituo chenu kabla ya chakula cha mchana. Sijaoa wala sikuwahi kuoa. Tafadhali ulishike hilo, maana malalamiko yangu yote yamesimama juu yake. Nayaorodhesha.

1. Juu ya dohani yangu kuna mtungi wa marehemu mama, umetoboka chini. Niliuweka pale kwa sababu upepo wa bondeni ulikuwa ukirudisha moshi wote ndani, na kila nikiwasha jiko nalia kama mfiwa. Kazi ya mtungi ule ni moshi basi, hauna kazi nyingine duniani. Sasa huyu muongoza watalii wenu, Volkan, yule kijana wa nywele za mafuta na mwavuli mwekundu, anawasimamisha wageni wake mbele ya kanisa, anawapa kisogo watakatifu waliochorwa kwa jasho la watu, ananyoosha mwavuli kwenye paa langu na kutangaza: “Mabibi na mabwana, mnauona ule mtungi? Kwetu sisi, mtungi juu ya paa maana yake ndani kuna msichana wa kuolewa! Kijana anayemtaka anauvunja kwa jiwe, halafu anakuja na mama yake kuposa!” Wageni wanasema “Aaaa!” na kupiga picha soksi zangu kwenye kamba.

Mila hiyo ni ya kweli, sibishi. Babu yangu mwenyewe alimpata bibi kwa njia hiyo. Lakini ni mila ya nyumba yenye msichana, Ndugu Meneja. Ndani mwangu tumo mimi, redio na paka, na paka ni dume.

2. Uongo ukisemwa kila siku saa ile ile, watu wanaurekebishia saa zao. Jirani yangu Hacer, ambaye tumezaliwa ukuta kwa ukuta na ananijua hadi kovu la goti, alinisimamisha njiani akashika kiuno: “Tahsin, Mungu anakuona! Mtoto wa kike unamfukia ndani kama jibini kwenye chungu?” Nikamwambia, wewe Hacer, huyo mtoto ningemzaa lini nawe usijue? Akafikiri kidogo, akasema, “Hilo ndilo linaloniuma.” Kwenye nyumba ya chai nako ni balaa tupu. Nikiingia tu wanaanza: “Kimya kingi kina mshindo mkuu! Ami Tahsin, mama yake nani?”

3. Mawe. Tangu habari ienee, vijana wanapita jioni na kurusha. Wamevunja kioo cha dirisha na kumlenga kuku wa Hacer. Mgeni wenu mmoja, bwana mzima aliyevaa soksi ndani ya ndara, alirusha kwa mzaha akapasua chupa yangu ya achari. Mtungi wenyewe hakuna aliyeugusa! Babu yangu aliuvunja ule wa kina bibi kwa jiwe la kwanza akiwa juu ya punda anayetembea. Nasikitika kwa niaba ya nchi nzima.

4. Hapa naomba ukae vizuri. Jumapili moja mlango uligongwa. Kufungua, namkuta mama mmoja wa makamo, koti la kijani, mtandio wa hariri, macho yanacheka hata mdomo ukiwa umefungwa. Nyuma yake limesimama jitu la kijana na maua na sanduku la chokoleti, linatiririka jasho. Mama huyo ni Bi Münevver, mjane wa Ürgüp. Kijana ni mwanawe Yavuz, fundi wa friji. Habari za binti yangu walizipata kwa dereva wenu.

Kabla sijasema karibu, Bi Münevver amekwisha kaa. “Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kwa kauli ya Mtume, tumekuja kumwomba binti yako...” Akainama kwangu, akanong'ona, “Kwani anaitwa nani?” Nikamwambia, “Mama, hapa hakuna binti.” Akamgeukia mwanawe kwa furaha: “Umesikia? Mwenye binti mbaya angemtoa mbio mbio. Huyu ni mzuri kupita kiasi.”

Sasa mgeni ni mgeni, hatoki bila kahawa. Unajua wewe pia kwamba msichana anapoposwa hutia chumvi kwenye kikombe cha mchumba, na mchumba akinywa bila kukunja uso, anafaa. Nikasema, dawa ya huyu Yavuz ni hiyo hiyo. Nikakitia kikombe chake chumvi ya kukaushia nyama, chumvi ya kumpeleka ng'ombe mbio mtoni kwa kiu. Bahati mbaya mlango wa jiko langu ulichongwa na watu wafupi. Kuinama na sinia, kuinuka, vikombe vimezunguka na mimi sijui kipi ni kipi. Nikagawa kwa kubahatisha. Chumvi ikaenda kwa mama.

Alikunywa chote, Ndugu Meneja. Hata kope haikutikisika. Akajifuta midomo kwa leso, akanitazama na yale macho, akasema, “Mungu aipe afya mikono iliyoipika.” Nilisimama pale na sinia, nikamuuliza kama ataongezewa. Natoa habari hii kama ushahidi wa usumbufu, si kwa sababu nyingine.

5. Juma lililofuata alirudi bila Yavuz, na bakuli la majani ya mzabibu yaliyojazwa wali. “Mpelekee binti.” Kisha akakaa kungoja bakuli lake. Ungefanya nini wewe? Nikaingia chumba cha ndani, nikala yote nimesimama, nikarudi na bakuli tupu. “Ameyaonaje?” “Anasema matamu, ila limau limepungua.” “Mwambie ana haki. Watu wangu hawana ulimi wa kulijua hilo.” Safari iliyofuata limau lilitosha barabara.

Hivi ndivyo kampuni yako ilivyonitia dhambini. Mimi, mtu ambaye sikuwahi kupunguza limau hata moja katika kreti la mtu, sasa nina binti anayeitwa Nergis, jina lilinitoka tu. Nergis hapendi wanaume wanaopayuka. Anapenda asali ya zabibu juu ya mkate wa moto. Anaogopa radi. Anayeogopa radi ni mimi, lakini nilipolisema kwa jina la Nergis, Bi Münevver hakucheka. Alisema hata marehemu mumewe alikuwa hivyo, na kwamba hakuna aibu, mtu anahitaji tu wa kukaa naye mpaka ipite. Nilikwenda kumwambia Nergis. Nilikaa huko ndani kitambo kidogo.

Yavuz mwenyewe nasikia amekwisha kuchumbia msichana wa mji wa Kayseri. Nilipomuuliza mama yake kama ni kweli, akasema “Ah, vijana!” na kunimiminia chai. Tena akaja Jumanne. Na Jumanne nyingine. Hacer amehamishia kiti chake dirishani, anasema kwake pana giza.

6. Nikaamua kupanda ziara yenu mwenyewe ili nikusanye ushahidi. Nikavaa kofia ya marehemu baba na miwani myeusi nisitambulike. Naingia garini, kiti kilichobaki ni kimoja, na jirani yake nani? Bi Münevver, naye na miwani myeusi. “Umefuata nini humu?” nikamuuliza. “Kusikia kwa masikio yangu Nergis anavyosemwa. Na wewe?” “Kumtetea!” Basi tukakaa.

Kituo cha kwanza, miamba. Volkan anaonyesha jiwe kubwa, anasema eti ni ngamia. Ngamia! Sisi tumelichezea jiwe lile tangu utoto, ni mbuzi aliyelala, kila mtu mwenye akili anajua. Nikasimama nikasema. Bi Münevver akasema, “Mimi naona ngamia.” Nikamweleza kwa utaratibu habari ya masikio. Akauliza, “Huyo mbuzi wako nundu ameipata wapi?” Tulibishana njia nzima hadi kanisani, na wageni wakaacha milima wakatupiga picha sisi. Walitupiga bila ruhusa, na mpaka leo sijaletewa nakala hata moja.

Ndani ya kanisa Volkan alituomba tunyamaze. Bi Münevver akaninong'oneza, “Yule mtakatifu wa kushoto, aliyekaa kwenye kidirisha, si Hacer yule?” Nikatazama. Wallahi alikuwa Hacer! Nikaanza kucheka, naye akaanza, na kicheko ndani ya mwamba hakina pa kutokea, kinapanda kwenye kuba na kukurudia kikubwa zaidi, kwa hiyo tukacheka kile kicheko chetu tena. Volkan akatutoa nje kwa mwavuli: “Ami! Shangazi! Jamani, hapa ni mahali patakatifu!” Kwa umri wangu, Ndugu Meneja, nimefukuzwa kanisani na Mwislamu mwenzangu.

Tulikaa nje juu ya jiwe tukijifuta machozi. Wageni wakatoka, mwavuli ukanyooka kwenye paa langu. “Ndani kuna msichana wa kuolewa!” Bi Münevver hakucheka tena. Aliutazama mtungi sana, kisha akasema, “Bwana Tahsin, Ijumaa nakuja. Safari hii sitoki mpaka nimwone Nergis uso kwa uso. Imetosha sasa.”

Ijumaa ni kesho.

Akija asikute binti, atajua mimi ni mwongo, na mama wa namna ile hagongi mara mbili mlango wa mwongo. Hatakuja tena. Jana nilijaribu kunywa chai peke yangu kama nilivyokunywa miaka yote, na haikupita. Nikabaki naitazama. Nakwambia wazi kwa kuwa hatujuani: naogopa. Hasara hii imetoka moja kwa moja kwenye mwavuli wa mfanyakazi wako, na kwa hiyo naomba yafuatayo:

Kwanza, kesho kabla ya adhuhuri mniletee binti. Wa kuazima, sina tamaa. Ajue kunyamaza, apende asali ya zabibu, na radi ikipiga ashtuke. Mtamtoa wapi si kazi yangu. Mliweza kumtoa hewani, mtashindwaje kumtoa mjini?

Pili, mkishindwa, Volkan mwenyewe avae kitambaa akae chumba cha ndani, akohoe kwa adabu. Nywele anazo.

Tatu, mkishindwa na hilo pia, mtangaze rasmi kwamba Nergis amesafiri kwenda masomoni mbali, ili Bi Münevver aendelee kuja kuniuliza habari zake. Barua za Nergis nitaziandika mimi.

Nisalimie dereva wako, japo ana mdomo. Nisalimie wageni wote, na yule bwana wa soksi mwambie nimemsamehe achari. Msalimie Volkan kwa umbali. Na mama yako mzazi, kama yu hai, mbusu mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi niliyechongewa binti bila kuulizwa,
Tahsin Kepez

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, nikasikia kishindo darini na vigae vya mtungi vinamwagika ndani ya jiko. Nikatoka mbio. Bi Münevver amesimama chini ya paa na koti lake la kijani, anajikung'uta mikono. Jiwe moja, Ndugu Meneja! Tena mkono wa kushoto! Hacer dirishani akapiga kigelegele mpaka njiwa wa bonde zima wakaruka.

Nikamwambia, “Bi Münevver, umefanya nini?” Akasema, “Nimeposa.” “Unamposa nani? Binti hayupo!” Akasema, “Najua hayupo. Nimejua tangu kile kikombe. Msichana gani anayetaka kuolewa atamtilia chumvi mama mkwe? Nimekungoja useme mwenyewe, na husemi, na Ijumaa nimeiona mbali. Haya, kahawa ile niliinywa yote. Mila inasemaje?”

Nikamwambia, mila inasema unafaa.

Kwa hiyo naomba barua hii uisome kuanzia chini na uishie hapa. Binti simhitaji tena. Volkan aendelee na hadithi yake, awaonyeshe wageni vigae, kisha awaingize ndani wote, kahawa ipo, na ni ya sukari. Moshi umejaa nyumba nzima, tunalia macho yote manne, na mwenzangu hataki niweke mtungi mwingine. Na lile jiwe la kituo cha kwanza nimelifikiria upya. Ni ngamia.