Kompyuta Yangu Imekuwa Bubu na Cheo Kinanipita

Masijala, Chumba Namba Nne,
Ghorofa ya Pili.

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Kuhusu: Kurudishiwa sauti za kompyuta kabla ya mwisho wa mwezi

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na mwenye nafasi. Mimi ni karani wa masijala kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Sina rekodi ya ugomvi, na sijawahi kukiandikia kitengo chako isipokuwa mara moja, kuhusu panya aliyekuwa akitafuna waya, suala ambalo lilimalizika lenyewe baada ya panya kufa.

Wiki sita zilizopita fundi wako alikuja kuuondoa mfumo wa zamani kwenye kompyuta yangu na kuweka Linux. Alisema ni mfumo wa bure, mwepesi, na hauna tabia ya kuugua virusi. Yote hayo ni kweli na ninamshukuru. Lakini tangu siku hiyo kompyuta haisemi. Nikiiwasha, kimya. Nikikosea, kimya. Ujumbe ukiingia, kimya. Nikimwaga takataka za mafaili, ambapo zamani ulisikika mkwaruzo mtamu wa karatasi, napo kimya.

Huenda ukaona jambo hili si la kuandikiwa barua. Lakini Karani Mkuu wetu anastaafu mwisho wa mwezi huu, na anayependekeza mrithi wake ni Bosi, ambaye anakaa nyuma ya ukuta wa mbao unaokitenga chumba chake na vyetu. Bosi ana goti bovu, hapiti kukagua watu. Hukagua kwa masikio. Enzi za taipureta, kengele ya mwisho wa mstari isipolia kwa dakika tano, alikuwa anagonga mbao. Mpiga chapa mmoja aligongewa mara tatu kwa siku moja, na Jumatatu iliyofuata tulimkuta ghalani akipanga mifagio. Kwa hiyo, ndugu yangu, mimi nisiyesikika sina tofauti na mimi nisiyekuja kazini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimefanya kila linalofanywa na mtu mwenye akili timamu. Nilipandisha sauti hadi mwisho. Nilikagua waya za spika kama zimechomekwa. Nilifungua mipangilio nikabonyeza kitufe cha kujaribu spika, na sauti ya mwanamke ikatamka kushoto, kisha kulia, tena kwa ufasaha. Nikaweka muziki, ukalia mpaka mtu aliyekuwa anapita koridoni akatikisa mabega. Maana yake spika ni nzima, na kilichonyimwa sauti ni kazi yangu peke yake.

2. Nilipompigia simu fundi wako, aliniambia niizime kompyuta na kuiwasha. Nimeizima na kuiwasha mara kumi na moja. Nilipompigia tena, alinielekeza kwenye dirisha jeusi niandike amri ndefu yenye vistari na mikwaju, nami nikaiandika herufi kwa herufi kama mtu anayeandika wosia. Dirisha likajibu kwamba kifurushi cha sauti hakijawekwa. Nikauliza kifurushi chenyewe kiko wapi. Akasema kipo mtandaoni, cha bure kabisa, ila nywila ya kukiwekea anayo yeye, haruhusiwi kuitaja kwenye simu, naye yuko safarini.

3. Jirani yangu, dada wa chumba namba tano, bado hajabadilishiwa mfumo. Akiwasha kompyuta ni zumari, akikosea ni ngoma, na kwa kuwa anakosea sana, chumbani kwake ni harusi mchana kutwa. Sina kinyongo naye, ni mtu mwema. Wenzangu hunifariji kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Nakubali, lakini ng'ambo ya ukuta wa mbao anayesikika ni debe, na mimi niliyejaa nimetulia kama mtungi. Wengine huniambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Hii ni wiki ya sita nausubiri huo mshindo.

4. Nyumbani hali si nzuri. Mke wangu alikwisha kuwadokezea dada zake, na dada zake hawana breki. Shemeji zangu sasa wananiita Karani Mkuu hadharani, na mmoja amenishonea shati la siku ya kukabidhiwa ofisi. Niseme wazi bila kuzunguka: ninakitaka cheo hiki. Nimekitaka kwa miaka tisa, na inaniuma kukikosa kwa sababu ya kifurushi.

5. Kwa kukosa msaada, nimelazimika kuzitoa sauti hizo kwa mdomo. Nikihifadhi faili nasema "ting" kuelekea ukutani. Ujumbe ukiingia napiga mluzi mfupi. Ile ya takataka ndiyo ngumu, inataka mate mengi. Koo limeanza kunikauka, na juzi mazoea yalinifanya nitoe "ting" mbele ya mgeni aliyekuja kuulizia faili la marehemu baba yake.

Kutokana na hayo, naomba kifurushi kiwekwe haraka. Ikishindikana, kompyuta ya dada wa namba tano inyamazishwe, ili sote tuwe sawa mbele ya ukuta. Hilo nalo likishindikana, kitengo chako kiniajirie mtu mwenye kengele ya mkono, akae pembeni yangu na kuigonga kila ninapohifadhi faili. Awe amemaliza sekondari, kwa sababu atatakiwa kutofautisha kosa na onyo. Na kwa kuwa si haki nipendelewe peke yangu, ingefaa kila karani awe na mgonga kengele wake, na juu yao wote awepo Mgonga Kengele Mkuu, ambaye naye atahitaji karani.

Wasalimie mafundi wote, akiwemo yule aliye safarini. Msalimie mlinzi wa chumba cha mitambo na familia yake. Salamu pia kwa kompyuta za kitengoni kwenu, ambazo nasikia zote zinaongea.

Ni mimi, niliyeko kazini ijapokuwa sisikiki,

Karani wa Masijala,
Chumba Namba Nne.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, tarishi ameniletea nakala ya pendekezo la Bosi. Nimekipata cheo. Ameandika hivi: "Nampendekeza karani wa chumba namba nne. Kelele za mashine, ambazo kazi hunilazimu kuzisikiliza, zimenitoboa kichwa tangu enzi za taipureta, na wiki sita hizi ndipo nimepata upande mmoja wa kupumzishia sikio. Ana kikohozi kidogo, apelekwe kwa daktari. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake, maana mara nyingi nasahau kwamba yupo." Basi nakuomba, ndugu, fundi asije. Kama amekwisha kufika kwenye ngazi zetu na kifurushi chake, ashuke taratibu. Pendekezo hilo nimelisoma mara nne. Mara mbili za kwanza nilifurahi.