Mazoezi ya Kufurahi Kwenye Korido ya Ghorofa ya Tatu

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia msimu huu wa joto, kwenda kutembea asubuhi na kurudi jioni si jambo la kukurupuka tena. Ofisi ya Uratibu wa Matembezi ya Siku Moja, ambayo mimi ndiye mkurugenzi wake wa kwanza na, kwa unyenyekevu wote, wa pekee, imelibeba suala hilo mabegani mwake.

Kabla yetu hali ilikuwa ya kutisha. Watu waliamka tu, wakafunga chakula kwenye bakuli, wakakunja mkeka na kwenda kwenye maporomoko kukaa kando ya maji. Hakuna aliyewauliza wanakwenda kufanya nini. Uchunguzi wetu ulibaini kwamba wengi walirudi jioni wamechoka, wengine wamenuniana njia nzima, na kila familia ya tatu ilikuwa imesahau huko kifuniko cha chupa ya chai. Nchi makini haiwezi kuangalia vifuniko vikipotea namna hiyo ikakaa kimya.

Ndipo nikabuni mazoezi. Mtu yeyote anayetaka kibali cha kwenda kwenye maporomoko lazima kwanza aje ofisini kwetu, ghorofa ya tatu, afanye matembezi ya majaribio kwenye korido. Tumemwandalia kila kitu. Kuna mkeka. Kuna picha kubwa ya maporomoko ukutani. Kuna feni kwa ajili ya upepo, na kwenye beseni la kunawia tumeweka ndoo chini ya bomba lililofunguliwa kidogo, ili mwombaji asikie maji. Anakaa, anakula alichokuja nacho, anapiga soga, na mimi kwenye kiti changu natia alama. Sehemu ya nne na ya mwisho ya fomu inauliza: Je, mwombaji amefurahi?

Hapo ndipo wengi walipoanguka. Wengine walifurahi kupita kiasi, jambo linaloashiria kutojali usalama. Wengine walicheka wenyewe kwa wenyewe bila kuitazama picha. Bwana harusi mmoja alifurahi vizuri sana lakini bibi harusi wake alikuwa anasinzia, na kibali chao kilikuwa cha watu wawili. Wote niliwaambia warudi baada ya siku kumi na nne.

Katikati ya msimu alikuja fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, akiwa amemshika mkono mama yake. Mama mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, mnyoofu, anayetembea kwa kutanguliza vidole. Fundi alinieleza kwamba mama ana presha ya macho. Daktari amesema jicho moja limeshazimika na la pili linafifia, na dawa inachelewesha tu. Mama ameomba kitu kimoja, kuyaona maporomoko kabla giza halijafunga. Alikuwa akifua hapo alipokuwa msichana, na ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza marehemu mumewe, akiwa amebeba matofali kichwani na kujifanya hayamchoshi.

Niliwaambia kwamba ofisi imeguswa sana, na nikawakaribisha kwenye mkeka.

Bibi alikaa vizuri. Alikula vizuri, mkate na yai la kuchemsha, makombo akayakusanya kwenye kiganja. Soga pia zilikuwa za kiwango cha kuridhisha. Tatizo likaja kwenye sehemu ya nne. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

"Mama, mbona hufurahi?" nikamuuliza kwa upole wa kiofisi.

"Nifurahie ndoo, mwanangu?"

Nikaandika: hakufurahi. Nikawapa tarehe. Fundi alisimama pale mezani kwangu, ameikaza futi yake kwa mikono miwili, akaniambia taratibu, "Mkurugenzi, mama yangu hana siku kumi na nne za kuchezea."

Nilimjibu kwamba siku kumi na nne haziko mikononi mwangu, ziko kwenye kanuni. Sikumwambia kwamba kanuni niliiandika mimi, kwa sababu hakuuliza.

Walirudi. Mara ya pili bibi alijitahidi kutabasamu, lakini alitabasamu kuelekea kabati la mafaili, na nililazimika kumpunguzia alama kwa kukosa mwelekeo. Mara ya tatu hakuuona mkeka mpaka bintiye alipomwekea mguu juu yake. Akakaa, akasikiliza kidogo, kisha akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye beseni, akalifunga bomba akisema ni dhambi kumwaga maji bure. Hilo lilikuwa kosa la kuingilia mazingira asilia. Karani wangu wa masjala, mama mmoja mnene anayeijua kila karatasi ya jengo lile kama anavyowajua wanawe, aligeukia dirishani akawa anapangusa macho na pua kwa leso hadi saa ya kutoka. Nilidhani ana mafua.

Wakati huo ofisi ilikuwa inang'ara. Niliandika taarifa ya msimu kwa Waziri: waliozama, hakuna, waliopotea, hakuna, vifuniko vya chupa vilivyosahauliwa, hakuna. Waziri alifurahi mno. Alinipigia simu yeye mwenyewe, akasema Jumamosi ya mwisho wa msimu atakuja na waandishi wa habari kuwaona wananchi wakistarehe kando ya maji, na hapo hapo mbele ya maporomoko atanitangaza kuwa Kamishna wa Matembezi wa nchi nzima.

Niliweka simu chini nikamwambia karani aniletee orodha ya wananchi wenye vibali.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna orodha?"

"Orodha ipo, bosi. Watu ndio hakuna."

Maji yalinifika shingoni. Nikatafakari kwa kina, kama dakika tatu, nikapata ufumbuzi. Wafanyakazi wote wa ofisi wangekwenda kwa vibali vya kikazi nitakavyowasainia mimi, wamevaa nguo za nyumbani, na kustarehe kwa niaba ya umma. Lakini picha zilihitaji angalau mwananchi mmoja halisi, na faili lililokuwa limesogea mbali kuliko yote lilikuwa la bibi. Nikaagiza waitwe.

Walifika Ijumaa asubuhi. Bibi hakuwahi hata kufika kwenye mkeka. Nilimpa alama zote akiwa bado mlangoni, nikagonga muhuri kwenye kibali chake, nikamkabidhi Cheti cha Daraja la Kwanza, cha kwanza kutolewa tangu ofisi ianzishwe, na bintiye nikamwandika msindikizaji. Fundi aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akamwinamia mama yake sikioni. Bibi aliuliza kama ni kweli. Alipoambiwa ni kweli alifunika mdomo kwa khanga na mabega yakamtikisika, na mimi, mtaalamu wa sehemu ya nne, sikuweza kutambua kama ile ni furaha au ni kitu kingine.

"Na wewe bosi, kibali chako nani atasaini?" karani akauliza.

Nikamwambia mimi ndiye ninayesaini. Akafungua kabrasha la kanuni, akalamba kidole, akafunua hadi kanuni ya tisa. Mwenye kusaini vibali hataruhusiwa kujisainia mwenyewe. Akitaka kwenda, atafanya mazoezi kama mwananchi mwingine yeyote, mbele ya mtahini asiye chini yake kikazi, mwenye Cheti cha Daraja la Kwanza. Kanuni ile niliiandika nikiwa katika hali nzuri sana ya uadilifu, na gazeti moja lilinisifu.

Karani hakucheka. Alikaa tu na kabrasha lake, akamtazama bibi. Sote tukamtazama bibi.

Basi, mimi mtumishi mwandamizi wa umma nikavua viatu na kukaa kwenye mkeka. Bibi aliwekwa kwenye kiti changu, ubao wa fomu mapajani, bintiye akimsomea maswali. Karani alinigawia kipande cha mkate wake. Nilikaa vizuri, nikala vizuri, nikapiga soga kuhusu hali ya hewa peke yangu. Tulipofika sehemu ya nne bibi akaomba nisogee, maana haoni mbali. Nikasogea kwa magoti. Akanishika kidevu, akaugeuzia uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akauleta karibu na jicho lake lililobaki mpaka nikasikia pumzi yake. Nilitabasamu hadi mashavu yakaniuma.

"Unafurahi, baba?"

"Sana, mama. Kupita maelezo."

Akaniangalia muda mrefu. Nilitambua kwamba tangu nianze kazi hii sijawahi kumwangalia mwombaji hata mmoja namna ile, na sikulipenda hilo wazo.

"Huyu bado," akamwambia bintiye. "Mpe zile siku kumi na nne."

Jumamosi asubuhi basi dogo la ofisi liliondoka bila mimi. Niliwaona kutoka dirishani. Karani amevaa kofia ya jua pana kama sinia, fundi amebeba bakuli, bibi amekaa kiti cha mbele, ameuegemeza uso kwenye kioo. Niliona wivu. Ninaliandika hilo bila kuficha, kwa kuwa taarifa rasmi lazima iwe kamili. Kisha nikajikaza, nikawasha feni, nikafungua bomba, nikakaa kwenye mkeka kujifua kwa mtihani wa marudio.

Yaliyotokea maporomokoni niliyapata baadaye, kutoka kwa mhusika mwenyewe. Waziri alifika getini saa nne kamili. Akashuka kwenye gari, na mbele ya kamera akahutubia kwa nusu saa kwamba katika suala la matembezi sheria ni msumeno, hakuna mkubwa wala mdogo. Akapigiwa makofi. Alipotaka kuingia, mlinzi akamwomba kibali.

Waziri alicheka, akidhani ni sehemu ya ratiba. Mlinzi hakucheka. Mlinzi yule nilimchagua mimi mwenyewe, na nilimwambia asimpitishe mtu bila karatasi hata akija baba yake mzazi. Baba yake mzazi alikuwa amekuja, mwezi uliopita, na alirudishwa.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Naomba kibali."

Kamera zote zilikuwa zinawaka. Mtu aliyetoka kusema hakuna mkubwa wala mdogo hawezi kuanza kutaja ukubwa wake kabla jasho la hotuba halijakauka. Waziri akasema, kwa sauti ya kutosha kurekodiwa, kwamba anampongeza mlinzi na kwamba anakwenda kufuata utaratibu.

Saa sita mchana alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akanikuta miguu peku, nimeshika yai. Sitarudia aliyoniambia. Alipopata pumzi tena alinitaka nimsainie kibali mara moja. Nikamweleza kwamba mkono wangu uko tayari na muhuri upo, ila mwombaji wa ngazi yake hawezi kupimwa na mtu aliye chini yake kikazi, na mtahini pekee mwenye sifa yuko maporomokoni. Akauliza ni upuuzi wa nani huu. Nikamletea kabrasha. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, ilikuwapo saini yake kubwa ya wino wa bluu, pamoja na maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: Nimesoma na kuridhika.

Waziri akalifunga kabrasha. Kisha akakaa kwenye mkeka, kwa sababu viti vya waombaji tulikuwa tumevitoa vyote ili korido ionekane ya asili, na kilichobaki kilikuwa cha mtahini. Nikamkatia nusu ya yai.

Bibi alirudi saa kumi jioni. Hakuwa na haja ya kupita ofisini, lakini asubuhi ile alikuwa ameondoka na ubao wangu wa fomu na hakutaka kulala na mali ya serikali. Pindo la gauni lake lilikuwa limelowa hadi magotini. Bintiye alikuwa nyuma yake, macho mekundu, anacheka. Bibi alipapasa hadi mbele yetu, akainama, akatutazama mmoja baada ya mwingine kwa jicho lake moja, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye korido ile katika msimu mzima. Sikuhitaji fomu kukitambua.

"Ulimwona, mama?" Waziri akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa amesimuliwa habari ya matofali na mimi, tulipoishiwa soga.

"Nilimwona," bibi akasema. "Ilibidi nifumbe macho, lakini nilimwona."

Kisha akauliza kama nasi tunangoja kufanyiwa mtihani. Tukasema ndiyo. Akamshika Waziri kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Akanishika mimi, akatikisa tena. Fundi akaandika tarehe mbili kwenye fomu mbili, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika vipimo. Msimu ulikuwa unafungwa jioni ile, lakini alituandikia hivyo hivyo, maana kanuni haikutaja msimu.

Mlangoni bibi aligeuka. Nadhani alituonea huruma.

"Lakini nyie wanangu," akasema, "si mngeenda tu?"

Nikamuuliza kwa kanuni ya ngapi. Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, anahesabu vidato kwa sauti pamoja na bintiye.

Mvua ya kwanza ikaanza kupiga bati la maegesho. Waziri aliitazama ile picha ukutani, akajisogeza kidogo kwenye mkeka ili feni imfikie vizuri, akaniomba nifungue bomba kidogo zaidi.