Udongo Mweupe wa Joka

Likasi, Jumatatu, tarehe 12 Oktoba 1970

Leo nyota yangu imeng'aa. Papa Ambroise ametangaza kwamba magoti yake yamekwisha. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa Mshika Pemba, yaani mtu mmoja anayejipaka pemba, udongo mweupe wa mtoni, na kumpigia magoti Mulopwe kwa niaba ya mji mzima.

Mulopwe ni mungu wetu, na yuko hai. Ni joka, urefu wake mabehewa manne, magamba ya kijani. Anaishi katika shimo la zamani la mgodi lililojaa maji. Hutoka mara moja kwa mwaka, Jumapili ya tatu ya Oktoba, baada ya misa. Akilaza kidevu chini mbele ya Mshika Pemba, mvua huja vizuri. Asipolaza, mahindi hukauka.

Wagombea tuko wawili. Mimi, Séraphin, karani wa magazini, ghala la kiwanda, mtu wa kalamu. Na Lambert, fundi wa tanuru, ambaye huwezi kumtoa neno hata kwa koleo. Mulopwe mwenyewe atachagua Jumapili. Namhurumia Lambert. Nimeshawaeleza majirani kwamba kuanzia wiki ijayo wasinisalimie ovyo ovyo.

Jumanne, tarehe 13

Tatizo dogo. Desturi inataka mgombea achimbe pemba mwenyewe, kwa mikono, ukingoni mwa mto. Mwendo wa saa tatu kwa miguu, na asiseme neno kwenda wala kurudi. Ukisema, unamwaga na kuanza upya.

Niliomba ruhusa kazini, nikaondoka alfajiri. Penye kituo cha teksi muuza maandazi aliniuliza kama ni kweli mimi ndiye Mshika Pemba mpya. Nimlipe mama wa watu kimya? Nilimjibu. Ilichukua nusu saa hivi.

Nikaanza upya. Safari hii nilifika mtoni, nikajaza kikapu, nikarudi kimya mpaka karibu na reli. Hapo nikamkuta mtu wa chama akisema kwamba Mulopwe naye ni raia, kwa hiyo lazima awe na kadi ya chama. Nilimuuliza nani atampelekea. Akatazama upande wa shimo, akarudisha kadi mfukoni. Nilifurahi sana, kisha nikakumbuka, nikamwaga udongo wote.

Papa Ambroise amepata habari. Amesema, "Mutoto, pemba inatafutaka muntu wa kunyamaza." Mzee amechoka, ndiyo maana anaacha kazi.

Alhamisi, tarehe 15

Nimemwona Lambert akirudi mtoni, kikapu kichwani, mdomo umefungwa. Nilimsalimia kwa sauti mara nne, kumsaidia ajikwae. Hakuitika. Hana adabu.

Alipokitua kikapu chake, nikachungulia. Pemba yake ina rangi ya maziwa yaliyochacha. Kwa mungu! Nilihisi aibu kwa ajili ya mji mzima. Mulopwe anastahili weupe wa kweli, na weupe wa kweli uko Kakontwe, ambako shemeji yangu Firmin anachoma mawe ya chokaa.

Ijumaa, tarehe 16

Firmin amenipa mfuko, lakini shingo upande. Aliniambia, "Beau-frère, hii ni chaux vive. Chokaa hii haiyaonjaka mayi, ikiyaonja inawaka. Usiiweke ku ngozi." Nilimkumbusha kwamba mimi ni karani, na kwamba kazi yangu ni kuandika majina ya vitu vya namna hiyo kila siku. Alitikisa kichwa akarudi kwenye tanuru lake.

Nimetwanga mabonge mpaka yakawa unga. Clémentine, mke wangu, amekasirika. Anasema, "Kinu yangu iko ya sombe, ya majani ya muhogo, haiko ya chokaa." Nimemwambia siku moja kinu hicho kitawekwa kanisani. Amekwenda kuazima kingine kwa jirani.

Jumapili, tarehe 18, jioni

Naandika nimesimama. Kukaa hakuwezekani.

Mji wote ulikuwa ukingoni mwa shimo. Maji yakavurugika, Mulopwe akatoka, na sisi sote tukainama. Nakiri machozi yalinitoka. Ni mungu wetu, na hakuna mji mwingine ulio naye.

Lambert alitangulia. Akapiga magoti, akajipaka ule udongo wake hafifu, akapiga makofi matatu polepole. Mulopwe alimtazama tu.

Ndipo nilipojitokeza mimi. Weupe wangu ulimetameta! Akina mama walipiga vigelegele. Nilijipaka kifua, mikono, mgongo, na kwa heshima ya pekee nikashusha mpaka ndani ya mshipi wa suruali. Jua lilikuwa kali. Nikatoka jasho.

Kwanza niliwashwa. Kisha nikaungua. Nikaruka, nikajipiga mapaja, nikazunguka, na watu wakadhani ndiyo sala mpya, wakaanza kuniiga. Sikuona njia nyingine. Nikajitupa shimoni, katika maji matakatifu ambayo hakuna mguu wa mtu uliowahi kuyagusa.

Walioniiga wakaacha kuruka. Mulopwe aliinamisha kichwa, akanikamata mshipi kwa jino moja, akaninyanyua. Akaninusa. Ule unga uliobaki ukamwingia puani, akapiga chafya. Chafya ya joka ni moto. Sina nyusi tena.

Kisha akaniweka chini taratibu, akamgeukia Lambert, akalaza kidevu mchangani.

Jumatatu, tarehe 19

Nimelala kifudifudi. Clémentine ananipaka mafuta ya mawese huku mabega yake yakitikisika. Anasema analia.

Mjini wanacheka, nasikia. Wacha wacheke. Papa Ambroise, miaka thelathini na mmoja, hakuguswa hata siku moja. Lambert naye hajaguswa. Mimi nimebebwa. Nani katika Katanga yote amewahi kubebwa na mungu wake?

Lakini niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili ni langu peke yangu. Nilikitaka kidevu kile. Nilitaka kilazwe mbele yangu.

Alhamisi, tarehe 22

Lambert amekuja na kuku. Alimkabidhi Clémentine kuku, halafu akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema: "Séraphin, minye sijuake kusema na bantu. Weye unajua. Utanibebea bakuli ya pemba, na utanisemea." Clémentine aliitikia kwa niaba yangu kabla sijapumua. Alimshika Lambert mikono yote miwili, akamshukuru.

Nilimwambia Lambert nitalifikiria. Nililifikiria alipokuwa akinywa maji, nikakubali. Lazima niseme amefanya jambo la busara. Bila mimi, mungu angepata Mshika Pemba bubu.

Lakini maskini, hajui amenipa nini. Anayebeba bakuli ndiye anayelijaza, na ndiye anayejua kilichomo. Na pemba yake bado ina rangi mbaya, na mto bado uko mbali, na njiani watu bado wana maswali yao. Mwakani nitaleta kitu cheupe zaidi, na safari hii nimefikiri kwa makini. Mchana nimepita jikoni nikatia kidole katika unga wa muhogo. Laini, mweupe kama nini, unapeperuka kwa pumzi tu; ulinipanda puani, nikapiga chafya mara tatu. Na unga wa muhogo haujawahi kumuunguza mtu yeyote.